Nakala Iko kwa Fundi

Kila Ijumaa Fundi alimwomba Mungu amwepushe na mambo mawili: umeme kukatika, na shemeji yake kupata wazo. Umeme ulikatika mara moja moja. Wazo lilikuja kila wiki.

Duka lao lilikuwa dogo, limebanwa kati ya saluni na fundi viatu. Mbele palikuwa na kaunta ya kioo yenye chaja, nyaya na vipaza sauti. Nyuma palikuwa na meza ya kazi, feni, na Fundi mwenyewe, mwanamke wa makamo aliyekuwa na bisibisi nyuma ya sikio kama wengine wanavyoweka kalamu. Yeye alitengeneza. Kuuza alimwachia shemeji yake, mdogo wa mumewe, kijana wa maneno mengi ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Habari. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na faida yake kubwa kwa wakati huo ilikuwa kwamba hakuwepo kushuhudia haya.

Jina la Bwana Habari lilitokana na jarida lake. Kila Ijumaa aliwatumia wateja wote ujumbe wa simu na kubandika karatasi mlangoni: "Habari na Maujanja ya Kompyuta." Habari alizitoa mtandaoni. Maujanja aliyatoa kwa Fundi, ila yakishapita mikononi mwake yalitoka yametiwa chumvi hadi mwenyewe hayatambui. Fundi alimwambia, "Waambie wapulize vumbi kwenye feni ya kompyuta." Bwana Habari akaandika: "Ndugu mteja, kompyuta ni kama mwili. Lini mara ya mwisho uliiogesha?"

Jumatatu yake mwenye saluni aliingia na kompyuta imefungwa kwenye taulo.

"Nimeiogesha kama mlivyosema, sasa haiwaki."

"Kwa maji?" Fundi aliuliza.

"Na sabuni. Ya watoto lakini, ile isiyochoma macho."

Fundi alimgeukia shemeji yake. Bwana Habari alikuwa anapanga chaja ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Basi ndiyo maisha. Wiki nyingine alishauri watu waachane na karatasi kwa sababu karatasi huliwa na mchwa, na fundi viatu akachoma risiti zake zote bila kuziingiza popote. Wiki nyingine alishauri kuongeza memori, na mzee mmoja akaja kulalamika kwamba ameongezewa memori lakini bado anasahau majina ya wajukuu. Fundi alimcheka mzee huyo kwanza, kisha akagundua kwamba mzee hatanii.

Kisha zikaja flashi nyekundu. Bwana Habari alikuwa ameagiza boksi zima bila kumuuliza mtu, zote za rangi moja, na zilikuwa zimekaa kabatini zikijaa vumbi. Siku moja ikatoka habari kwamba mfumo wa zamani wa kompyuta hautapata tena masasisho, na kila mtu anashauriwa kuhamia mfumo mpya. Bwana Habari macho yakamwaka. Akaandika jarida refu kuliko yote. Alieleza wezi wanavyovunja nyumba, wanavyobeba kompyuta pamoja na flashi iliyo pembeni yake, watu wanavyolia. Akamalizia: "Kabla hujahamia mfumo mpya, chukua flashi, weka nakala, na usikae nayo nyumbani. Ipeleke kwa mtu unayemwamini." Yale maneno mawili, weka nakala, yalikuwepo, lakini yalikuwa yamezama katikati ya wezi na machozi. Nani aliyasoma?

Boksi likaisha. Na mtu ambaye mtaa mzima unamwamini, kumbe, ni Fundi.

Walikuja mmoja mmoja. "Fundi, niwekee hii." "Fundi, siri yangu hii." Aliyeinunua hapo kaunta aligeuka tu, akatembea hatua mbili hadi meza ya nyuma, akamkabidhi. Fundi alipinga, akanuna, akaishia kuleta kopo la bati la biskuti na kuzitumbukiza humo. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa msimamo, alitangaza masharti yake: "Sizifungui. Sizitazami. Wala siulizi kuna nini ndani." Watu wakamsifu kwa uaminifu. Ukweli ni kwamba akimuuliza mtu ana nini kwenye kompyuta yake, atasimuliwa mpaka jua lizame.

Wa mwisho kuja alikuwa mama mkwe wake.

Huyu bibi alikuwa anaishi nao, chumba cha uani nyuma ya duka, na alikuwa si mtu wa mzaha. Kabla ya kustaafu alifundisha watu kupiga taipu. Jarida la mwanawe alilisoma na kalamu nyekundu mkononi, akalirudisha limejaa masahihisho. Lakini sifa yake mtaani ilikuwa nyingine. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akitunga chemshabongo za gazeti, yale mafumbo ya viboksi ambayo maneno mengine hulala na mengine husimama, na watu hung'ata kalamu wakitafuta herufi. Mtaani walimwita Bibi Chemsha. Gazeti halikumwita chochote. Chini ya kila fumbo liliandika, "Limeandaliwa na mwandishi wetu."

Sasa kiwanda kidogo cha uchapaji kilikuwa kimekubali kumtolea kitabu. Mafumbo mapya tu, maana yale ya zamani gazeti lilidai ni mali yake. Mama mkwe aliyatunga mwaka mzima kwenye kompyuta yake nzee, akibonyeza kwa vidole vyote kumi bila kutazama, na karatasi zake za rasimu alikuwa amezitoa kufungia mayai kwa sababu mwanawe aliandika habari za mchwa. Kitabu kilitakiwa Jumatatu asubuhi. Hakuwa mtu wa kujisifu. Alilisema jambo hili mara moja tu, mezani, akiwa anachambua mchele.

"Safari hii wataandika jina langu."

Siku alipoleta flashi yake aliingia dukani amejitanda vizuri, kana kwamba anakwenda ofisini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea hii." Ilikuwa imefungwa kwenye leso nyeupe iliyopigwa pasi. "Umwaminiye ndiye wa kumpa."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Swali lilimjia hadi ncha ya ulimi: Mama, umeshaweka kitu humu? Kwa mama mkwe angeweza kuvunja masharti yake. Lakini utamuulizaje hivyo mwanamke aliyefundisha nusu ya makarani wa mji huu, ambaye akikuta nukta haipo hukosa usingizi? Ingekuwa kama kumuuliza kama amenawa mikono. Fundi akalimeza swali, akasema ahsante Mama, akaiweka kwenye bati na leso yake.

Ijumaa iliyotangulia ile Jumatatu ya kitabu, Fundi alikuwa kazini, ameinama juu ya printa ya mtu, mama mkwe alipoingia tena.

"Mwanangu, naomba flashi yangu. Mdogo wako amenihamishia mfumo mpya jana ulipokuwa sokoni. Kompyuta imekuwa nyepesi kweli, nampa hongera. Sasa nirudishie kazi zangu."

"Amehamisha, au amefuta akaanza upya?"

"Amesema kufuta ndiyo usafi."

Fundi alitoa leso kwenye bati, akaifungua, akachomeka flashi kwenye kompyuta ya kaunta. Akaichomoa, akaichomeka upande mwingine. Akaenda nayo nyuma, akaichomeka kwenye mashine yake mwenyewe. Ilikuwa tupu kabisa, kama siku ilipotoka kwenye boksi.

"Mama, humu hamna kitu."

"Hamna vipi? Nilikukabidhi mkononi."

"Ulikuwa umeshanakili?"

Mama mkwe alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Mimi nilikuletea. Fundi ni wewe."

"Sasa kazi zingeingiaje humu, Mama?"

"Nilidhani utapita chumbani ukipata nafasi, uzichukue. Mlango sifungi, unajua. Nikaona siku zinapita, nikasema, ana kazi nyingi mtoto wa watu, nisimsumbue."

Bwana Habari alikuwa ameingia na mkate mkononi, na alikuwa amesikia ya kutosha. "Lakini mimi niliuliza!" alisema. "Nilimuuliza Mama, nakala ipo? Akasema ipo kwa Fundi. Sasa kama iko kwa Fundi..."

"Na mimi hukuniuliza kwa nini?"

"Shemeji, wewe si ulitangaza kwamba huulizwi?"

"Nilisema siulizi! Sikusema siulizwi!"

Hapo ndipo Fundi alipolipuka. Hasira ya sabuni ya watoto, ya mchwa, ya memori za wajukuu, yote ikatoka kwa mkupuo, na haikuchagua. Aliwaambia nyinyi watu mnanitia wazimu. Aliwaambia hakuna anayesoma, hakuna anayeuliza, kila mtu anabeba chake anakuja kukitupa kwa Fundi kama jalala, na Fundi asiposhika mtaa mzima unazama. "Hata wewe, Mama! Mtu mzima na akili zako! Unaniletea flashi tupu kwenye leso ya pasi, halafu unanyamaza!"

Mwenye saluni alikuwa ameshachungulia mlangoni. Akajirudisha taratibu.

Fundi akasikia alichokisema. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kumpandishia mama mkwe sauti hata siku moja, na sasa alikuwa amesimama na bisibisi mkononi, anahema.

Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi.

"Kumbe una sauti," alisema. Kisha, kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko kawaida yake: "Ndiyo kusema kitabu hakipo?"

Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakuwa na meza ya Fundi. Yanazoleka, ila yanakuja na matope. Alimwamuru shemeji yake akazime ile kompyuta upesi na asiiguse tena, na Bwana Habari akajikuna kisogo.

"Jana niliijaribu kidogo."

"Uliijaribu vipi?"

"Nilimwekea Mama filamu. Asichoke."

Fundi alifumba macho. Kila filamu iliyoingia ilikuwa imekalia mahali fulani, na pengine mahali hapo palikuwa na kazi ya mwaka mzima. Alikwenda mwenyewe chumba cha uani, akaifungua kompyuta, akaitoa diski, akaileta dukani ameikumbatia kama yai. Akafunga mlango, akageuza kibao kinachosema Tumefunga, na kumpa Bwana Habari kazi ya adhabu: apigie simu kila mwenye flashi kwenye lile bati, aje achukue yake, aulizwe kuna nini ndani.

Siku nzima ilisikika sauti yake kutoka barazani. "Hapana, mama, haivuti mafaili yenyewe... Hapana, mzee, Fundi hakuwa anaingia nyumbani kwako... Ndiyo, ni tupu... Ndiyo, yako pia."

Ndani, programu ya kufukua mafaili ilikuwa inachimba. Ilipomaliza ilileta rundo: mafaili yasiyo na majina, mengine nusu, mengine vipande. Kulikuwa na viboksi visivyo na maswali, na maswali yasiyo na viboksi. Fundi alitazama rundo lile akakata tamaa. Angejuaje kipi ni cha kipi? Akageuza kioo cha kompyuta kumwelekea mama mkwe.

Mama mkwe akavaa miwani. Akasogeza kigoda.

"Hiki ni cha tatu," alisema. "Kona ya juu imeanza na neno lenye herufi sita, nakumbuka lilivyonisumbua. Maswali yake yatakuwa na la samaki."

Wakatafuta swali la samaki. Likapatikana.

Walifanya hivyo Ijumaa hiyo mpaka usiku, na Jumamosi, na Jumapili baada ya kufua. Fundi alifukua, mama mkwe aliunganisha, na usidhani ilikuwa kazi ya mapenzi na tabasamu. Bibi huyu hakuweza kuona sentensi yake bila kuirekebisha. Wamepata swali, badala ya kushukuru anasema hili halikukaa sawa, futa, andika hivi.

"Mama, tunatafuta. Hatuhariri."

"Nisitoe kitabu kibovu kwa sababu ya haraka zako."

"Haraka zangu? Kitabu cha nani?"

"Angalia nukta hapo."

Palipokuwa na viboksi visivyo na maswali, mama mkwe aliyatunga upya palepale. Palipokuwa na maswali matupu, alimgeuza Fundi mwanafunzi.

"Huja bila kubisha hodi. Herufi nane."

"Wageni."

"Nane, mwanangu. Hesabu."

Fundi alifikiri, akapiga miayo, na wakati anapiga miayo jibu likamjia. "Usingizi." Mama mkwe akaguna. Kwa bibi yule, mguno huo ulikuwa sawa na vigelegele.

Jumapili mchana wakafika kwenye kipande kilichobaki na swali moja tu. Fundi alilisoma kwa sauti. "Ikizidi, huziba mdomo. Herufi saba." Akajaribu njaa, akajaribu hofu, akajaribu chakula, ambacho kina herufi saba kweli lakini mama mkwe alikikataa kwa jicho. Kisha akahesabu herufi kwa vidole.

"Heshima," alisema.

"Hilo nililitunga siku niliyokwenda kwa mhariri," mama mkwe alisema, akiwa bado anatazama kioo. "Nilikwenda kumuuliza kwa nini jina langu halitoki. Niliingia, nikasalimia, nikaulizwa habari za watoto, nikapewa chai. Nikanywa. Nikaaga. Nikaondoka."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza. Mtu mkubwa, ofisi yake, wageni wamejaa. Nikarudi nyumbani nikatunga hilo fumbo. Alilichapa, wala hakujua linamhusu yeye. Safari hii nikaona nilirudie, gazeti lidai litakavyo."

"Miaka yote hiyo, Mama?"

"Sasa wewe uliniuliza kama flashi ina kitu?"

Fundi aliinamia kibodi, akaandika swali lile mahali pake, akatia nukta.

Jumatatu asubuhi kitabu kilikuwepo. Mafumbo mawili yalikuwa yamekwenda na filamu, na mama mkwe alisema yalikuwa dhaifu, ingawa Fundi aliona alivyosita kabla ya kulisema. Bwana Habari alikuwa ametumwa barabarani kumpokea mtu wa uchapaji asipotee njia. Fundi alipitia kurasa mara ya mwisho, akagundua kwamba ukurasa wa kwanza haukurudi. Ule wenye jina la kitabu.

"Uandike wewe," mama mkwe alisema. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa kazi ya siku tatu, amevilaza mapajani. "Anza na jina la kitabu."

Fundi akaandika. Herufi kubwa, katikati ya ukurasa.

"Haya. Chini yake niweke mimi."

Mikono ya Fundi ikabaki juu ya kibodi.

Alimwita Mama tangu siku ya kwanza. Mumewe alimwita Mama. Kwenye simu yake alikuwa amemhifadhi kama Mama Mkwe. Mtaani alikuwa Bibi Chemsha, kanisani au sokoni alikuwa mama wa fulani, na siku ya harusi mshereheshaji alimtambulisha kama mama mzazi wa bwana harusi, watu wakapiga makofi, basi. Jina la mkwe si kitu cha kutajataja, na lisilotajwa humalizika kwa kutojulikana. Alikuwa amempikia, amemuuguza, ameishi naye ukuta kwa ukuta. Alitupa jicho mlangoni kama shemeji yake anarudi, amuulize yeye kwa siri. Barabara ilikuwa tupu.

Angeweza kusema, Mama, andika mwenyewe, kitabu ni chako. Ingekuwa adabu nzuri kabisa, na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa amechoka, amechoshwa na adabu hadi kwenye mifupa.

"Mama," alisema, "nisamehe. Jina lako silijui."

Mama mkwe aligeuka akamtazama. Fundi aliona lile jambo likimwingia taratibu, likimuuma, kwamba hata humu ndani, hata hapa. Barazani mtu alipita akipiga mluzi.

"Basi niulize," mama mkwe alisema.

"Jina lako nani, Mama?"

Bibi akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya khanga, akaivaa tena. Kisha akalitaja: jina lake, la baba yake, la babu yake, polepole, kama anayesomea darasa imla. Fundi akaandika. Akamgeuzia kioo ahakiki, maana mtu huyu hakosi la kusahihisha.

Hakusahihisha. "Macho yamechoka," alisema. "Nisomee."

Fundi akalisoma kwa sauti, lote.

Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Soma tena," alisema.